Mbwa Mashuhuri Hewani: Uchambuzi wa Kisa cha Kipindi cha Watoto Lubumbashi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya watayarishaji wa vipindi vya watoto, walimu, na watu wa kampeni za chanjo. Redio, komini (yaani wilaya ya mji), mwaka na majina ya wahusika vimeondolewa, na mambo madogo ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Maelezo yanatoka kwa mtangazaji, mhariri wake, daktari wa mifugo aliyeshirikiana nao, na wazazi wa mtoto anayetajwa. Wote walikubali kisa kitumike kufundishia.

## Mazingira

Lubumbashi, mji wa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina mbwa wengi, na wengi wao wana kwao. Mgeni halioni hilo. Mchana anawakuta sokoni, kandokando ya lami, juu ya jalala, anadhani hawana mwenyewe. Jua likizama kila mmoja anashika njia ya parsele yake, yaani ua wa nyumba ya kwao, anapewa ukoko wa bukari (ugali) na mifupa ya samaki, kisha kazi inaanza: kubweka geti likiguswa. Muulize mwenye parsele kama ana mbwa, atakujibu haraka kwamba anaye. Muulize kama mbwa huyo amechanjwa, hapo mazungumzo yanapoa.

Watoto wa mtaa huu wanakua wakijua mambo mawili juu ya mbwa: kuokota jiwe na kukimbia. Yote mawili ni mabaya, na daktari wa mifugo tunayemtaja humu amekuwa akiyasema kwa miaka. Kichaa cha mbwa, ambacho mjini wengi wanakiita raji, kinakaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa na kuingia kwa binadamu kupitia jeraha. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote barani Afrika na Asia, na kwamba katika visa 99 kwa 100 binadamu ameambukizwa na mbwa. Kati ya watu wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, 4 kwa 10 ni watoto wasiofika miaka 15. Njia ya kuuzima inajulikana: mbwa wakichanjwa kufikia asilimia 70 ya walio mahali fulani, mnyororo wa maambukizi unakatika.

Kila mwaka, karibu na tarehe 28 mwezi wa tisa, siku ya dunia ya kupambana na ugonjwa huu, daktari alikuwa anapata chanjo kidogo za bure na kuweka meza chini ya mti. Watu walikuwa wachache.

## Jinsi kipindi kilivyozaliwa

Daktari alikwenda kwenye redio ya jamii kuomba dakika kumi kila Jumamosi asubuhi, ndani ya kipindi cha watoto. Mhariri alikataa, na kwa haki: dakika kumi za sindano na watoto wote wanahamia stesheni ya muziki. Mtangazaji, ambaye watoto wanamwita Tantini, ndiye aliyeleta wazo. Likizo kubwa ilikuwa inaanza, watoto wako nyumbani, kwa nini wasisimuliwe hadithi za kweli za mbwa waliopata jina duniani? Mwisho wa kila hadithi yangesomwa maneno mawili matatu juu ya chanjo.

Orodha yake ilikuwa ya Jumamosi sita. Hachikō wa Japani. Laika aliyepelekwa angani. Barry wa milima ya Uswisi. Mbwa wa sinema, Rin Tin Tin na Lassie, kwa pamoja. Balto wa Alaska. Bobby wa Edinburgh. Kila hadithi iliandikwa vizuri, kwa Kiswahili cha nyumbani, na sauti za treni na upepo zikiwekwa nyuma. Nimezisikiliza rekodi zote. Ni redio nzuri, na ni lazima kulisema hilo mapema, kwa sababu baada ya yaliyotokea wako waliosema kwamba kosa lilikuwa kuwapa watoto wa Lubumbashi hadithi za mapenzi ya mbwa. Sikubaliani nao.

Hadithi ya kwanza ilikwenda hivi. Profesa Hidesaburō Ueno wa chuo kikuu cha Tokyo alikuwa na mbwa wa aina ya Akita aliyezaliwa mwaka 1923. Kila jioni Hachikō alikwenda kumpokea kwenye stesheni ya Shibuya. Mei 1925 profesa alifariki kazini. Mbwa aliendelea kwenda stesheni, jioni baada ya jioni, karibu miaka 10, mpaka alipokufa yeye mwenyewe Machi 1935. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake alikuwa tayari amesimamishiwa sanamu mbele ya stesheni hiyo. Tantini alimaliza kwa sauti ya treni inayoondoka. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, ya tangazo, akasoma tarehe ya chanjo.

## Yaliyotokea

Simu zilifurika. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ulikuja mwingi kuliko siku yoyote, na wote ulihusu Hachikō. Hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya chanjo.

Mmoja wa ujumbe huo ulitoka kwa mvulana wa miaka kama tisa: "Tantini, na miye niko na Hachi yangu. Inalalaka ku soko, kila siku namupelekeaka bukari." Jumamosi iliyofuata, kabla ya hadithi ya Laika, ujumbe huo ulirushwa hewani na Tantini akampongeza mvulana kwa moyo wake. Sababu aliyonipa inaeleweka na kila mtu aliyewahi kukaa mbele ya kipaza sauti: ulikuwa ushahidi kwamba hadithi imefika. Mhariri aliusikia kabla ya kurushwa na hakuona tatizo. Daktari hakuulizwa.

Wiki hiyo watoto wengine wakaanza kutafuta Hachi wao. Mama mmoja muuza mkaa aliniambia kwamba aliwaona watatu wamechuchumaa mbele ya mbwa anayekula, wakimwita kwa jina la Kijapani, akawafukuza akidhani wanacheza mchezo wa kichawi.

Baada ya hadithi ya tatu, msichana wa miaka minane aliingia kwenye kiwanja kisichojengwa, nyuma ya vibanda, ambako jike mmoja alikuwa amezaa. Alipeleka mkono kwa watoto wa mbwa. Jike alimng'ata kiganjani na kwenye kifundo cha mkono, akaachia, akarudi kulala juu ya watoto wake. Msichana hakulia mpaka alipofika nyumbani. "Nilitaka tu kuona batoto yake," alimwambia mama yake.

Saa moja iliyofuata ndiyo iliyoamua mengi. Shangazi alikuwa ameanza kuponda majani ya kubandika. Jirani, mama mtu mzima aliyestaafu uuguzi, alisikia kelele akavuka ua. Maneno yake yananukuliwa hadi leo kwenye avenyu ile: "Mama, kwanza sabuni. Ile majani itangojea." Aliuweka mkono wa mtoto chini ya maji ya bomba na kuuosha kwa sabuni ya kufulia kwa robo saa nzima, mtoto akipiga kelele, halafu akaufunika kwa kitambaa kisafi bila kuubana. Robo saa ya maji na sabuni ndiyo inayoelekezwa kwa jeraha la namna hii, kwa kuwa sabuni inaharibu virusi vilivyobaki kwenye kidonda. Watu hawaamini kwamba kitu cha bei rahisi hivyo kinaweza kuwa dawa, kwa hiyo wanaosha kidogo na kukimbilia kwingine.

Kituo cha afya cha karibu hakikuwa na chanjo. Walielekezwa hospitali kubwa zaidi, na sindano ya kwanza ilipatikana kesho yake asubuhi. Baba alikuwa ameogopa sindano za tumboni, zile alizosikia utotoni. Aliambiwa kwamba siku hizi zinachomwa begani, kwa ratiba ya siku zilizopangwa.

Wakati huohuo vijana walikuwa wameshaokota mawe na vyuma kwenda kumuua jike.

## Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mbwa. Daktari, aliyepigiwa simu na Tantini, alifika kiwanjani kabla ya vijana kumaliza kubishana nani atangulie. Aliwaomba wasimuue. Alieleza kwa maneno ya kawaida: mbwa mwenye kichaa anayeweza kuambukiza kwa mate hamalizi siku 10 bila kuonyesha ugonjwa au kufa. Akiishi siku hizo akiwa mzima, jibu limepatikana. Akiuawa leo na kutupwa shimoni, familia ya msichana itabaki na hofu bila jibu. Vijana waliuliza swali la maana: na nani atamchunga siku hizo 10?

Walimtafuta mwenye mbwa. Majirani walimtaja mtu wa avenyu ya tatu, ambaye jike huyo alilala kwake kila usiku kabla ya kuzaa. Baba wa msichana alikwenda na mzee mmoja kumwona. Jibu lilikuwa fupi: "Ile haiko imbwa yangu, inapitaka tu." Basi sentinele, yaani mlinzi, wa bohari iliyo jirani akakubali kumfungia jike na watoto wake ndani ya ua wake, na mama muuguzi akawa anapeleka chakula.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kipindi. Mhariri alitaka kukifuta kimyakimya na kuweka muziki wa watoto. Hoja yake ilikuwa jina la redio. Daktari alipinga kwa hoja ambayo naiona ndiyo kitovu cha kisa hiki: kipindi kikizimwa sasa, neno la mwisho walilosikia watoto juu ya mbwa litabaki kuwa Hachikō na pongezi za yule mvulana. Wengine watang'atwa na redio haitajua.

Walisimamisha Jumamosi moja. Katika siku hizo Tantini alizirudia hadithi zake zote akiwa na swali moja alilopewa na daktari: katika kila hadithi, nani alikuwa anamlisha huyu mbwa? Alishangaa kuona kwamba jibu lilikuwepo karibu kila mahali, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelikata ili hadithi iende mbio.

Hadithi zikasimuliwa upya kutoka upande wa mtu.

Hachikō, kwa mfano. Baada ya profesa kufa, mbwa hakuishi kwa uaminifu mtupu. Kikuzaburō Kobayashi, aliyekuwa mtunza bustani wa profesa, ndiye aliyemtunza. Pale stesheni, kabla ya kuwa mashuhuri, Hachikō alikuwa mbwa wa kufukuzwa kama wa kwetu: wafanyakazi walimpiga, watoto walimchezea vibaya. Mambo yaligeuka mwaka 1932, gazeti la Asahi lilipochapisha habari zake kwa juhudi za Hirokichi Saitō, mtu aliyependa mbwa wa asili wa Japani. Kuanzia hapo kila mtu akawa na kipande cha nyama cha kumpa. Mwaka 2011 wachunguzi waliopima viungo vyake vilivyohifadhiwa walikuta alikuwa na saratani na minyoo ya moyo. Mbwa aliyesimamishiwa sanamu alikuwa mgonjwa, na aliyemgusa alimgusa mbwa mgonjwa.

Bobby wa Edinburgh alitoa somo ambalo hakuna tangazo lingeweza kulitoa. Inasimuliwa kwamba mbwa huyu mdogo alikaa karibu na kaburi la bwana wake kwa miaka 14, hadi alipokufa mwaka 1872. Tantini, mara ya kwanza, alikuwa amepanga kuishia kaburini. Lakini mwaka 1867 mji ule ulitaka kila mbwa awe na leseni, na asiye na mtu wa kumlipia auawe. Bobby hakuwa na mtu. Meya wa mji, William Chambers, akalipa leseni kutoka mfuko wake na kumvisha ukosi wenye maandishi ya kwamba amelipiwa. Ukosi huo uko kwenye jumba la makumbusho la Edinburgh mpaka leo. Yaani mbwa mwaminifu kuliko wote angeuawa kwa sheria kama mtu hangejitokeza kusema, huyu ni wangu. Nusu ya parsele za Lubumbashi zina Bobi wao. Hewani Tantini aliuliza tu: Bobi wa kwenu, nani amemlipia?

Hadithi ya Balto ilikuwa nyepesi, kwa kuwa tayari ni hadithi ya dawa. Mwanzoni mwa 1925 dondakoo ilizuka Nome, Alaska, na dawa ya kuwaokoa watoto ilikuwa mbali, bandari imefungwa na barafu. Waendesha sleji 20 na mbwa wapatao 150 walipokezana kuibeba kwa zaidi ya kilomita 1,000 katika muda usiofika siku sita. Balto alikuwa mbele ya kundi la mwisho lililoingia mjini tarehe 2 Februari, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa na sanamu New York. Ila sehemu ndefu na ya hatari zaidi iliongozwa na Togo, mbwa wa Leonhard Seppala, aliyekwenda zaidi ya kilomita 400 ukihesabu na safari ya kuifuata dawa. Umashuhuri ulimwendea aliyepokelewa na wapiga picha. Watoto waliudhika sana kwa niaba ya Togo, na sehemu hiyo ndiyo waliyoikumbuka zaidi. Daktari akapata mwanya wa kusema kwamba dondakoo ni mojawapo ya magonjwa ambayo wao wenyewe walichanjwa wakiwa wachanga.

Barry na mbwa wa sinema walipita haraka. Barry aliishi kwenye nyumba ya watawa huko Saint-Bernard mwanzoni mwa karne ya 19, anasifiwa kwa kuokoa zaidi ya watu 40, na kile kipipa cha shingoni kilibuniwa na wachoraji baadaye. Wa kumuuliza juu yake ni watawa waliomfundisha. Lassie wa sinema ya 1943 alikuwa dume aitwaye Pal, na kila aliporuka kulikuwa na mfunzaji Rudd Weatherwax nyuma ya kamera. Hilo lilitosha: mbwa wa sinema hufanya alichofundishwa, na wewe huyu wa sokoni hujamfundisha chochote.

Laika ndiye aliyeleta ugumu. Alikuwa mbwa wa mitaani wa Moscow. Tarehe 3 Novemba 1957 alirushwa ndani ya Sputnik 2, chombo ambacho hakikuwa na njia ya kumrudisha. Serikali ya Kisovieti iliacha watu waamini kwamba aliishi siku kadhaa. Mwaka 2002 ilijulikana kwamba alikufa kwa joto saa chache baada ya kuruka. Vladimir Yazdovsky, mmoja wa wakuu wa mradi huo, alisimulia kwamba kabla ya safari alimpeleka Laika nyumbani kwake acheze na watoto wake. Nani alikuwa anamlisha? Walewale waliojua kwamba harudi. Tantini alitaka kuiondoa hadithi hii katika mzunguko wa pili. Daktari hakuwa na maoni. Mhariri, ambaye mpaka hapo alikuwa mwoga kuliko wote, ndiye aliyesema isimuliwe kama ilivyo. Watoto walilia. Baba mmoja alipiga simu kulalamika kwamba redio inawafundisha watoto huzuni. Msichana mmoja wa darasa la sita aliuliza kama Laika alikuwa na jina kabla ya kuchukuliwa, na hakuna studioni aliyejua la kusema.

Iliongezwa pia hadithi ya saba, ambayo haikuwa ya mbwa mashuhuri bali ya mbwa asiyejulikana jina: yule mwenye kichaa aliyemng'ata Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 wa Alsace. Mama yake alimpeleka Paris, na tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur akaanza kumpa chanjo ambayo ilikuwa bado haijazoeleka kwa binadamu. Meister alipona, akakua, akaja kuwa mlinzi wa taasisi ya Pasteur. Siku ya dunia ya ugonjwa huu imewekwa tarehe 28 Septemba kwa kuwa ndiyo siku aliyofariki Pasteur, mwaka 1895. Msichana aliyeng'atwa alikuwa anasikiliza nyumbani, na mama yake anasema siku hiyo alikwenda kuchomwa sindano bila kuvutwa.

## Wasikilizaji walivyoingilia

Sehemu hii haikupangwa na mtu. Kipindi kilipogeuka kuwa cha maswali, watu wazima wakaanza kupiga simu. Mama mmoja wa katekisimu alikumbusha mbwa aliyemfuata Tobia safarini, ndani ya Biblia ya Kikatoliki. Mzee Mwislamu wa kartie (mtaa) ya jirani akaleta mbwa wa Watu wa Pangoni, katika sura ya Al-Kahf, aliyelala kizingitini amenyoosha miguu ya mbele, na akaeleza jinsi ya kufuga mbwa wa ulinzi bila kuvunja usafi wa ibada. Maelezo yake yalikuwa marefu na yalisikilizwa.

Kisha mtu akauliza kwa nini mashuhuri wote ni wa Wazungu na Wajapani. Tantini alikuwa na la kujibu Jumamosi iliyofuata. Alisimulia mbwa wa kuwinda wa Kongo wasiobweka kama wengine, wanaovishwa kengele ya mbao ili mwindaji asiwapoteze porini. Wawili walionyeshwa London mwaka 1895 na wakafa kwa ugonjwa muda mfupi baadaye. Wengine walifikishwa Uingereza na kustawishwa na Olivia Burn mwaka 1937, na leo aina hiyo, basenji, inafugwa duniani kote. Mzee mmoja alipiga simu akiwa na furaha ya mtu aliyekutana na ndugu: baba yake alikuwa na mbwa wa namna hiyo kijijini, na kengele ile aliichonga yeye mwenyewe. Waliongeza mbwa wa kunusa wa mbuga ya Virunga, kule Rumangabo, waliofunzwa tangu 2011 kufuata nyayo za majangili. Kuhusu Milou, mbwa wa Tintin katika kitabu cha katuni cha Kibelgiji kiitwacho Tintin huko Kongo, ambaye msikilizaji mmoja alimtaka kwa nguvu, Tantini alikataa: hadithi ile ya mwaka 1930 na 1931 inawadharau watu wa nchi hii, na mbwa anapanda juu ya dharau hiyo akiwa ameketi vizuri. Mimi ningeisimulia na kuijadili, lakini kipindi ni chake.

## Matokeo

Jike alimaliza siku 10 akiwa mzima, ananyonyesha. Hakuwa na kichaa. Hospitali hata hivyo ilimmalizia msichana ratiba ya sindano, na kidonda kilipona na kuacha alama mbili kwenye kifundo.

Siku ya chanjo foleni ilizunguka mti na kufika barabarani. Dozi ziliisha kabla ya adhuhuri. Lakini wengi waliopanga foleni walikuwa watoto peke yao, mbwa mkubwa upande mmoja wa kamba, mtoto wa kilo ishirini upande wa pili. Mbwa walipigana mara kadhaa. Kwa bahati hakung'atwa mtu. Daktari alilazimika kuacha sindano na kuwapanga watu kwa dakika nyingi, kisha akakataa kumchanja mbwa yeyote asiye na mtu mzima. Baadhi ya watoto walirudi nyumbani na mbwa wao, wakaja tena na baba. Baadhi hawakurudi.

Mvulana wa ujumbe wa sauti alikuja na Hachi wake. Ilibainika kwamba Hachi ana mwenyewe, muuza nyama pale sokoni, aliyefuata nyuma amekasirika kwamba mbwa wake amebadilishwa jina.

## Uchambuzi

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kurusha ule ujumbe wa sauti. Hadithi ya Shibuya peke yake ilikuwa mbali, na watoto walijua iko mbali. Ujumbe uliiteremsha sokoni na kuipa baraka za Tantini. Tangu hapo haikuwa hadithi tena, ilikuwa ruhusa. Watayarishaji wengi wanachunguza maandishi yao mara tatu na kurusha sauti za wasikilizaji baada ya kuzisikia mara moja. Sauti ya mtoto anayeeleza jambo alilolifanya na mnyama, moto, maji au umeme inahitaji kupimwa kuliko maandishi ya mtangazaji.

La pili ni tangazo la mwishoni. Lilikuwa limeshonwa kama kiraka cha rangi nyingine, na watoto walijua kuzima masikio hadithi inapokwisha. Mzunguko wa pili haukuwa na tangazo hata kidogo, na bado watu walijua siku ya chanjo, kwa kuwa leseni ya Bobby na dawa ya Nome zilikuwa ndani ya kisa chenyewe. Mtu hawezi kusimulia ukosi ule bila kuulizwa wa mbwa wake uko wapi.

La tatu linahusu kilichokatwa. Kila aliyeandika habari za mbwa hawa, tangu magazeti ya zamani, alipunguza watu ili mbwa ang'ae. Tantini alirithi makato hayo. Kwa msikilizaji wa Tokyo au Edinburgh, ambaye mbwa wake yuko ndani na ana daftari la chanjo, makato hayo hayadhuru. Kwa mtoto ambaye mbwa anayemjua ni yule wa jalalani, yanaondoa habari anayoihitaji kuliko zote: kwamba Hachikō alimzoea profesa kwa sababu profesa alimlea tangu mdogo, na wewe jike huyu hujamlea.

Kilichofaa ni kwamba hawakukimbia. Kipindi kilirudi kwa mambo yaleyale, sauti ileile, na watoto walewale. Kanuni za mwilini nazo zilifundishwa hapo hapo studioni, kila Jumamosi, kwa mchezo: usimguse mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto; akikujia, usikimbie, simama wima, mikono kifuani, usimkazie macho; ukianguka, jikunje na ufunike shingo na masikio; aking'ata, sabuni na maji robo saa, kisha hospitali hata kama kidonda ni kidogo. Mama muuguzi alialikwa kuieleza ile ya sabuni, na alikuwa na mamlaka ambayo daktari wa mifugo hakuwa nayo, kwa sababu avenyu nzima ilishajua alichokifanya.

Kilichobaki kibovu ni kwamba kipindi kilizungumza na watoto kuhusu wajibu wa watu wazima. Foleni ya watoto wenye kamba ilikuwa matunda ya hilo. Kama ningeshauri mara nyingine, saa ya kipindi ingehama kutoka Jumamosi asubuhi, baba wakiwa kazini au bado wamelala, kwenda jioni, wakati bukari iko mezani na kila mtu anasikia. Na ningemwita shefu wa avenyu tangu mwanzo, maana ndiye anayejua mbwa gani analala wapi. Katika kisa hiki alikuja mwishoni kabisa.

Alikuja kwa sababu ya jike. Siku ya chanjo sentinele alimleta, na mtu wa avenyu ya tatu alikuwepo pia, na mbwa mwingine. Mwanawe mdogo, bila kujua yaliyosemwa nyumbani, alimwita jike kwa jina lake mbele ya watu wote. Jike alikata kamba akamkimbilia, akitikisa mkia. Baba wa msichana hakusema neno, alikwenda moja kwa moja kwa shefu. Kikao kilifanyika jioni ileile: mwenye mbwa akubali kwamba ni wake, amchukue na watoto wake, na arudishe pesa za usafiri wa hospitali na zile ambazo familia ililipa kwa sindano, kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilitolewa siku ya tatu. Ya pili, nilipozungumza na familia mara ya mwisho, ilikuwa bado haijafika, na shefu alikuwa ameshamwita mara mbili.